Mama Zita na Pikipiki Isiyo na Kiti: Maisha ya Wilhelmina Deusdedit Kinunda, 1951–2000

Waombolezaji wapendwa, kabla ya tarehe na mahali, familia inaomba kusema jambo moja. Tangu juzi Jumanne tumesikia yanayosemwa barabarani na kisimani, kwamba Mama Zita ameuawa na pikipiki. Si kweli. Marehemu alifariki kwa saratani ya shingo ya kizazi, ugonjwa ambao yeye mwenyewe, akiwa muuguzi mkunga, aliwaonya wanawake wa hapa juu yake kwa miaka mingi. Pikipiki haikumuua. Pikipiki ilimrudishia kicheko ambacho sisi ndugu zake hatukuwa tumekisikia tangu ujana wake. Tukishaelewana hapo, tuendelee.

Marehemu alizaliwa tarehe 27 Mei 1951 huko Litembo, katika milima ya Umatengo, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Deusdedit Kinunda na Mama Kolumba. Baba yetu alikuwa fundi wa karakana ya misheni. Wilhelmina alijifunza kutambua ukubwa wa spana kabla ya kujifunza kusoma, na mama alizoea kumwogesha kwa mafuta ya taa kwanza ndipo kwa sabuni.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani, kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana ya masista, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1969. Wakati wa likizo alikuwa karakanani. Huko Bruda mmoja wa Kizungu aliyefanya kazi na baba alikuwa ameleta mchezo wa kwao. Ulikuwa wa kuendesha pikipiki ndogo polepole, dereva akiwa amesimama, juu ya mawe, magogo na kingo za mto, bila kukanyaga chini. Hayakuwa mashindano ya mbio. Kila mguu unapogusa ardhi ni kosa moja, na mwenye makosa machache ndiye mshindi.

Jumatatu ya Pasaka mwaka 1969 mafundi tisa walijiandikisha kushindana mtoni. Mmoja hakutokea. Wilhelmina, aliyekuwa na miaka kumi na saba, akamwendea baba na kuomba nafasi ile.

Baba akamwambia, "Ukianguka, usije ukalia mbele za watu."

"Na nikishinda?"

"Ukishinda lia unavyotaka."

Alimaliza na makosa mawili. Aliyemfuata alikuwa na matano. Akalia mbele ya misheni nzima, na baba akawa anawaambia watu kwamba ruhusa hiyo aliitoa yeye.

Kuanzia 1970 hadi 1973 alisomea uuguzi na ukunga, akaanza kazi Songea. Tarehe 31 Agosti 1974 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Agapiti Mbunda. Siku ya kukamilisha posa, baba mkwe wake, Mzee Mbunda, alisema kwamba yeye binti anampenda, na tabia yake anaipenda, ila pikipiki ibaki kwao. Wilhelmina alikubali. Aliyekubali ni yeye, hakulazimishwa na mtu, na ahadi ile aliitunza kwa miaka kumi na minane. Hatusemi miaka hiyo ilikuwa ya huzuni. Alizaa na kulea watoto watatu, na nyumba yake ilikuwa na amani. Lakini mdogo wake, anayesoma wasifu huu, alitembea naye mara nyingi, na kila pikipiki ilipopita alimwona akigeuza shingo mpaka mlio upotee.

Mwaka 1978 Mwalimu Agapiti alihamishiwa Mkongo, katika wilaya hii, na marehemu akapangiwa kazi katika zahanati ya huko. Walifika wakati mbaya. Vita vilikuwa vinaanza, kisha ukaja wakati wa kupanga foleni ya sabuni, na petroli ikawa kitu cha kusimuliwa tu. Alizalisha kwa mwanga wa kibatari. Alitembea kwa miguu kwenda mashambani wakati wa kuamia, yaani kuwafukuza ndege wasile mpunga, akina mama wanapolala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti, na uchungu unawakuta huko huko. Mwaka 1987 alihamishiwa hapa Kibiti. Kutoka hapa alikwenda kijijini Salale kila mwezi kupima wajawazito, kwa mtumbwi, saa nyingi ndani ya mikoko, na hakuna mwezi alioukosa kwa sababu ya uvivu. Waliozaliwa mikononi mwake wapo hapa leo, na wengine ndio waliobeba jeneza.

Mwezi Oktoba mwaka 1992, akitoka kazini, alipita kwenye karakana ya fundi Mfaume, hapa barabara kuu. Wakati huo biashara ilikuwa imefunguliwa na kila kitu kilikuwa kinaingia: mitumba, redio, friji zisizogandisha. Katika shehena moja ya vitu vilivyotumika Mfaume alikuwa amepata pikipiki ndogo, nyepesi, ambayo hakuna aliyeitaka. Haikuwa na kiti cha maana. Haikuweza kupakia abiria wala gunia. Mfaume alikuwa ameshika msumeno, anataka kuikata atoe injini akafungie mashine ya kupandishia maji.

"Fundi, hiyo usiikate," marehemu alisema.

"Mama Zita, hii mbovu. Waliitengeneza wakasahau kiti."

"Hawakusahau."

Kesho yake alimpelekea cherehani yake ya miguu, akaondoka na pikipiki. Jirani yake, Bi Mwanahalima, alisimama uani akiwa na mikono kichwani. "Ewe Mama Zita, umetoa cherehani kwa pikipiki isiyokuwa na kiti? Una wazimu au umerogwa?"

"Kimojawapo," alijibu. "Nishikie hapa nyuma tuiingize ndani."

Jioni mume wake alimuuliza swali ambalo kila mume angeuliza. "Watu watasema nini?"

"Watasema. Wewe unasemaje?"

Mwalimu Agapiti ameruhusu tusome jibu lake. Alisema hapendi, anaogopa, na tena baba yake alipewa ahadi. Marehemu hakubishana. Aliketi akamwandikia Mzee Mbunda barua. Hakuomba ruhusa. Alimweleza kwamba amekaa na ahadi yake miaka kumi na minane, kwamba watoto wamekua, na kwamba sasa anairudisha ahadi hiyo kwa mwenyewe kwa heshima zote. Majibu yalichukua miezi mitatu. Mzee, Mungu amrehemu, alimwandikisha mjukuu wake maneno haya: "Mwanangu, mimi nilichoogopa ni wewe kumpakia Agapiti ukamwangusha. Usimpakie." Na kwa kuwa pikipiki haikuwa na mahali pa kumpakia mtu, jambo likaisha.

Kurudi hakukuwa rahisi. Nje ya mji kuna machimbo ya kifusi yaliyoachwa na watengeneza barabara, yenye mawe na kuta za udongo. Yeye na Mfaume waliburuta huko magogo ya minazi. Siku ya kwanza, akiwa na umri wa miaka arobaini na moja, alianguka mara tatu kwenye gogo lile lile, gogo ambalo msichana wa Litembo angelipita akiimba. Mikono ilikumbuka klachi, lakini magoti yalikataa. Alirudi nyumbani amechubuka, akajisafisha kwa spiriti, akala, akalala. Jumapili iliyofuata alikuwa pale tena. Alipunguza upepo kwenye matairi ili yashike vizuri, akabadilisha namna ya kusimama, akaanza na gogo dogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilimchukua miezi sita kulipita lile kubwa. Siku hiyo Mfaume, ambaye si mtu wa maneno, alimpigia saluti.

Januari mwaka 1994 alivunjika kifundo cha mguu. Hatufichi. Wapo waliofurahi, nao tunawafahamu. Walisema walimwonya, walisema mama mzima hafanyi hayo, walisema muuguzi anatakiwa kuwa mfano. Kanisani, kwenye kigango chetu, aliitwa na viongozi akiwa bado na hogo la plasta mguuni. Walimtaka achague kati ya machimbo na uenyekiti wa umoja wa akina mama, aliokuwa nao wakati huo. Aliwajibu akiwa amesimama kwa magongo, ingawa kiti alipewa.

"Nimewapikia, nimewazalishia, na wafu wenu nimewaosha. Sijakataa kazi hata moja na sitakataa. Lakini Jumapili saa nane mchana ni yangu, na sitaigawa."

Uenyekiti akaupoteza. Haukurudishwa mpaka amekufa. Aliendelea kupika kwenye kila msiba, akiwa mwanachama wa kawaida, na mguu ulipopona alirudi machimboni. Hatuyasemi haya kumtia mtu aibu mbele ya jeneza. Tunayasema kwa sababu yeye hakuwahi kuyalalamikia, na kunyamaza kwake kulichukuliwa na wengi kuwa ni kukubali kosa. Hakukubali.

Jumapili tarehe 10 Agosti 1997 klabu moja ya waendesha pikipiki iliandaa mashindano ya mchezo huu kwenye machimbo ya mawe nje kidogo ya Dar es Salaam. Marehemu alisikia tangazo redioni. Pikipiki ilipakiwa kwenye lori la mkaa, yeye na Mfaume wakapanda juu ya magunia. Walipofika, msimamizi aliyekuwa akiandikisha majina alimtazama, khanga kiunoni na vumbi la mkaa usoni, akamwambia kwa upole, "Mama, wageni wanakaa kule kwenye viti."

"Mchezo huu unachezwa umesimama," marehemu alisema. "Kiti mpe mwingine. Andika Kinunda."

Wakajadiliana, wakatafuta kanuni inayomkataza, wakaikosa. Wakaandika.

Washindani walikuwa kumi na wanne, wengine umri wa watoto wake. Hakushinda. Alikuwa wa sita, na familia haitamwongezea hata nafasi moja. Lakini kizuizi cha nne kilikuwa ngazi ya mawe yenye maji yakitiririka, na watu kumi na wawili walikanyaga chini pale, baadhi yao mara nne, mara tano. Wawili tu ndio waliopita safi. Mmoja alikuwa bingwa wa siku hiyo. Mwingine alikuwa mkunga kutoka Kibiti. Mwalimu Agapiti, aliyekuwa amekwenda kwa basi bila kumwambia mkewe, alikuwa amejificha nyuma ya watu. Alipomwona akifika juu, alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na wiki nzima alifundisha kwa kuandika ubaoni.

Machi 1998 marehemu alianza kutokwa damu, akajua mwenyewe ni nini kabla daktari hajasema. Barabara ilikuwa bado imekatika kwa zile mvua kubwa za msimu ule, na safari ya Dar es Salaam ilimchukua siku mbili. Alipata tiba ya mionzi, akapata nafuu, akarudi kazini. Julai 1999, akiwa amekonda sana, alimwomba mumewe ampeleke machimboni. Mwalimu alimpeleka. Hakuweza kupiga kiki, Mfaume akampigia. Akapita kwenye gogo moja tu, polepole, na upande wa pili mguu wake wa kushoto ukagusa mchanga.

Mfaume akasema, "Safi kabisa, Mama Zita!"

"Safi wapi? Mguu umegusa. Ni kosa moja."

Mwanzoni mwa mwezi uliopita alimtaka mdogo wake amsomee wasifu huu, maana alijua tumeanza kuuandika na hakutaka uandikwe vibaya. Tulikuwa tumeweka sentensi isemayo kwamba marehemu alirudi kuendesha pikipiki ili awafikie wagonjwa wa mbali. Tuliona itawanyamazisha watu.

"Futa hapo," alisema.

"Dada, inakupa heshima."

"Inanisingizia. Kwa wagonjwa nilikwenda kwa miguu na kwa mtumbwi, Blandina, na hilo andika. Pikipiki ilikuwa ya kwangu mwenyewe. Niliipenda. Mwanamke akipenda kitu, lazima kiwe dawa ya mtu mwingine?"

Tukafuta. Ndiyo maana leo mmesomewa hivi mlivyosomewa.

Alifariki nyumbani kwake Kibiti, Jumanne tarehe 8 Februari 2000, saa nne asubuhi, mume wake na binti yake wakiwa wamemshika mikono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Alikuwa amepokea sakramenti zote.

Familia inamshukuru fundi Mfaume, Bi Mwanahalima aliyemlisha uji mpaka siku ya mwisho, wauguzi wenzake, na akina mama wa kigango, ambao tangu juzi hawajaondoka jikoni kwetu.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Agapiti Mbunda, watoto watatu, Zita, Gaudensi na Severini, mjukuu mmoja, mama mzazi, Mama Kolumba, ambaye umri haukumruhusu kusafiri, na ndugu wanne.

Ee Mungu, mpokee Wilhelmina jinsi alivyo. Sisi tulijaribu kumrekebisha tukashindwa, na leo tunashukuru kwamba tulishindwa. Apumzike kwa amani.