Mama Béata wa Mabanga, Aliyekula Peke Yake

Padri wetu, ndugu wa Kalengera, majirani wa Mabanga na ninyi nyote mliokuja kulia pamoja nasi, mimi ni Ntirenganya, mdogo wake wa mwisho, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu.

Béata Nyiransabimana alizaliwa Kalengera, territoire ya Rutshuru, tarehe 14 Aprili 1971, mtoto wa kwanza wa muzee Ndagijimana na mama Veneranda, akasoma primaire palepale kijijini, kisha uuguzi Rutshuru, akapata diplôme mwaka 1991, na tangu Oktoba 1992 alikuwa muuguzi katika kituo cha afya hapa Mabanga. Mwaka 1994, wakimbizi walipofurika na kipindupindu kikawaua barabarani, alifanya kazi katika kambi ya Kibumba, na hakupenda kuisimulia.

Tarehe 5 Agosti 1995 alifunga ndoa na Édouard Nsengimana, mchuuzi wa samaki, wakapata binti mmoja, Charline, aliyezaliwa Juni 1996. Oktoba ya mwaka huohuo Édouard alikwenda Vitshumbi kununua samaki, vita ikafunga barabara nyuma yake, na mpaka leo hatujui alipolala. Charline alikimbilia Uganda mwaka 2012 vita iliporudi, akabaki huko, na sasa anatusikiliza kwa simu.

Ugonjwa ulianza mwaka 2019, fizi zikitoka damu, mwili ukipauka, pumzi ikimkatikia njiani. Huku kwetu mtu akipauka hivyo hatuulizi jina la ugonjwa, tunauliza nani alimpa karuho, ile sumu tunayoiogopa wote, na wa kwanza kuulizwa ni yule aliyemlisha mwisho. Siku dada alipoanguka, alikuwa ametoka kunywa uji kwa jirani yake, mama Louise, basi vijana wa mtaa, avenue nzima, wakamtupia mama wa watu mawe mpaka akahama na watoto wake. Béata alirudi kutoka Kampala, alikopimwa, akiwa na jibu kwamba uboho wa mifupa yake umeacha kutengeneza damu, kwamba ni ugonjwa wa nadra, hauambukizi, wala hauletwi na mtu. Lakini watu walikuwa wameshaogopa. Walimsalimia, walimtekea maji, walimwombea, ila chakula hapana, hata chai, kwa sababu kila mmoja aliogopa kuwa yule wa mwisho.

Ndipo yeye na docteur Hitimana, mtaalamu wa magonjwa ya damu, walipoanzisha mafundisho ya Jumamosi kwa wagonjwa na familia zao. Dada alinunua mfupa wa ng'ombe sokoni, akaupasua mbele yao, akawaonyesha uboho na kuwaambia: « Muone, damu inapikwaka humu. Kwangu moto imezimika, na hakuna mutu aliizima. Siku nitakufa, musiulize nani alinipikia. » Wagonjwa wengi waliacha kutapishwa kwa majani ili karuho itoke, wakaenda kuongezewa damu, na nyumbani kwao wakakaribishwa tena mezani. Yeye alirudi kwake, akachemsha mfupa uleule, akanywa mchuzi peke yake, nasi ndugu zake tulikuwa mbali, wengine Kalengera, wengine katika kambi za waliokimbia vita.

Januari mwaka huu vita ilipoingia mjini, ndege zilikoma, docteur alikuwa safarini akashindwa kurudi, hospitali zikajaa majeruhi na damu ikawa haba. Béata alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025 alfajiri, kwa damu iliyokataa kusimama, akiwa na umri wa miaka 53.

Tunamshukuru docteur Hitimana, aliyekula kwenye meza ya dada kila alipopita, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, wenzake wa kituo cha afya, hasa mama Bibiche aliyemwosha. Tunawashukuru pia majirani. Tangu Jumanne mmetuletea ndizi, maharagwe, sombe na samaki, mpaka tumekosa pa kuweka sufuria, na sisemi kwamba hainiumi, inaniuma sana. Mkitoka hapa, mtu akiwauliza nani alimlisha Béata mara ya mwisho, familia imeshajibu: hakuna, alijipikia mwenyewe.

Dada yetu, umechoka, pumzika sasa kwa amani.