Bwana Bado na Kinamasi Chake

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu baba yetu, ambaye wenzake ofisini walimwita Bwana Bado, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi wa reli, katika nyumba iliyotazamana na kinamasi, ambako vyura ndio waliombembeleza alale.

Alianza shule mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1969, akasomea ukarani, na tarehe 3 Januari 1972 akaajiriwa idara ya mazingira, chumba namba saba, chenye dirisha lisilofungika na taipureta iliyolegea herufi R. Julai 1976 alimuoa mama yetu, mwalimu, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1977, 1980 na 1984, na kila Jumapili alitupeleka kinamasini kuhesabu korongo, tukirudi na matope hadi magotini, mama akitufokea mlangoni, jamani, siku zile zilikuwa tamu.

Nchi ilipotia saini mkataba wa kimataifa wa kulinda bioanuwai, yaani wanyama, ndege na mimea tuliyorithi, iliahidi kukilinda kinamasi kile, na baba ndiye aliyechapa ripoti ya kupelekwa ng'ambo. Mwaka 1998 mkuu wake alimtaka aandike kwamba kimeshalindwa, ilhali malori yalikuwa yakimwaga kifusi humo, baba akaandika "bado", akasema ahadi ni deni na deni hilo halilipwi kwa wino, basi akahamishiwa stoo, miaka sita kati ya matairi na makopo ya rangi, wala hakununa, ingawa mama alinuna kwa niaba yake. Aliporudishwa aliandika "bado" tena na tena, hadi alipostaafu mwaka 2011.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Tarehe 3 Mei mwaka huu serikali ilitangaza kinamasi kuwa hifadhi, na binti yake mkubwa, anayewasomea haya, akakimbilia wodini na gazeti, akidhani mzee atalia kwa furaha, kumbe yeye akauliza kama nguzo za mpaka zimesimikwa, akaambiwa hazijasimikwa, akacheka kidogo, akasema basi andikeni bado. Alituaga tarehe 20 Juni, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea viti na maji, na wafanyakazi wenzake, ambao msishangae viatu vyao kujaa matope, kwani wametoka kinamasini asubuhi hii, wamesimika nguzo ya mwisho, ya arobaini na moja.

Baba, leo tumeandika ndiyo. Pumzika kwa amani.