Mawe ya Miguuni

Jumamosi moja ya mwaka 1953, benchi la Abasi muuza kahawa lilikuwa jipya. Lile la magogo lilioza na masika, na sasa kulikuwa na ubao mpana juu ya mawe manne yaliyochongwa vizuri. Mteja wake Benedikto alilikuta limekwisha tengenezwa Jumatano, akalisifu kuliko wote. Miaka kumi na miwili katika karakana ya reli ilimpa jina la Ribiti, msumari wa kuungia vyuma, na chuma alikijua. Mbele ya benchi daraja la waenda kwa miguu lilivuka Mto Morogoro kwa tao la chuma, likingoja kufunguliwa kesho baada ya misa.

— Walikosea kipimo, alisema Yunusi fundi cherehani, aliyeitwa Futi. Chuma kimekuja kirefu kuliko mto, wakakikunja kienee. Suruali ya hivyo tajiri wangu Mansukh angenitupia usoni.

— Chuma si pindo, Futi! alisema Ribiti. Kimepindwa makusudi, kibebe mzigo.

— Wapi! alidakia Dominiko, aliyerudi vitani Burma na jina la Bama. Ule ni uta. Vita ikija, Mzungu anafunga kamba ncha hii mpaka ncha ile, anapachika gogo, anaachia. Linatua Ngerengere!

— Huko Burma uliuona uta wa chuma?

— Niliona mengi, Ribiti. Mengine siri ya serikali.

— Hamjui kitu, alisema Abasi akimimina kahawa. Kile kilima cha daraja ni cha wakwepa kodi. Mtu akipanda mbio anatweta, askari anamkuta juu kakaa.

Walicheka. Ribiti hakucheka. Masika yaliyopita mto ulimchukua shemeji yake Magdalena akivuka kwenye magogo yaliyolazwa mtoni, na kesho mkewe Rosa angevuka hapo na wenzake wa mlimani, kila mmoja na tenga la kabichi kichwani. Daraja hili alilingoja kuliko mtu yeyote mjini, na hawa wanalifanyia mzaha! Alichoka nao mpaka kwenye mifupa.

Akavunja fito mbichi, akaipinda, akaisimamisha katikati ya vikombe viwili. Akaikandamiza mgongoni. Vikombe vikateleza, kimoja huku, kimoja kule, fito ikalala.

— Vikombe vyangu! Abasi alipiga kelele.

— Mmeona? Tao ukilikanyaga, miguu yake inataka kukimbia. Futi, shika hiki. Bama, kile. Haya, nakandamiza. Imelala?

— Haijalala, alisema Futi.

— Basi! Nguvu yote iko miguuni. Kila ukingo wamejenga ukuta, na nyuma ya ukuta wamepanga mawe makubwa yauzuie usisukumwe. Mawe yale ndiyo mikono yenu. Mkiachia, watu wanakwenda na maji.

Futi na Bama wakatazamana. Ribiti alifurahi, hatimaye wamemwelewa. Futi alikuwa bado ameng'ang'ania kikombe.

Ndipo Rosa akatokea, anatoka sokoni na tenga tupu.

— Hamjambo hapa? alisema, akamgeukia mumewe Ribiti. Baba Alois, benchi limependeza kweli. Haya mawe mmeyatoa wapi?

Abasi alifuta birika lisilo na uchafu. Bama alitazama ndani ya kikombe.

Ribiti alipiga magoti, akachungulia chini ya ubao. Kila jiwe lilikuwa na namba ya rangi nyekundu, ile ya mafundi wa daraja.

— Tuliona yamekaa tu, alisema Bama kwa sauti ndogo. Hayana kazi.

— Mlichukua manne?

— Hapa manne.

— Na kwingine?

Futi akakohoa. Nyumbani kwake alikuwa na kizingiti kipya cha mawe.

Ribiti alitaka kutukana, akamwona Rosa amesimama na tenga lake, akameza matusi. Alimwaga kahawa chini na kuinua ncha ya ubao.

— Yanarudi yote leo, na msimamizi wa daraja mtamwambia wenyewe. Na kesho mtatangulia kuvuka ninyi watatu. Rosa atavuka mkishafika ng'ambo.

Bama, aliyeshinda vita Burma, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kama maji ni marefu.