Jalidi Iliyokataa Kushuka

Benchi letu liko ukutani mwa kanisa, upande ambao jua hufika kwanza. Hapo mimi huuza api, uji mwepesi wa mahindi ya zambarau, mwanangu Wara akiwa mgongoni. Wateja wangu wa kila asubuhi ni watatu. Don Policarpo tunamwita Kalenda, kwa kuwa ndiye hututangazia siku ya kutandaza viazi uwanjani, baridi ya usiku ivigandishe, mchana tuvikanyage vikauke, viwe chunyo ya kula mwaka mzima. Don Fortunato ni Redio, hazimiki. Wa tatu ni Koplo, aliyekuwa askari mpakani na Chile na moyo wake bado unalinda huko. Koplo hukaa upande wa upepo ili usimpige Kalenda, ambaye kifua chake ni kibovu. Hajawahi kusema kwamba ndiyo sababu. Asubuhi hiyo sikukuu ya San Juan, ambayo usiku wake huwa wa baridi kuliko yote mwakani, ilikuwa imepita, na jalidi ilikuwa haijaonekana. Mbingu ilikuwa imejifunika mawingu kama mgonjwa.

— San Juan bila jalidi! alisema Redio. Enzi zetu ukitema mate usiku, yanafika chini yakiwa jiwe.

— Mbwa wa marehemu baba aliganda ulimi kwenye ndoo, alisema Kalenda. Tukaumwagia api ya moto.

— Ukapona?

— Ulipona, ila hakubweka tena hadi Krismasi.

— Acha zako, mzee!

Walicheka, kisha wakautazama mlima. Nilipokuwa mdogo ulikuwa mweupe kwa theluji hadi kiunoni. Sasa umebaki na kofia tu.

— Mimi nasema ni lami, alisema Redio. Tangu watie lami barabara ya mgodini, ardhi ina homa.

— Lami gani! Ni Chile, alisema Koplo.

— Haya, tumeanza.

— Bahari yetu waliichukua vitani, hawakuichukua? Sasa wamechimba tundu chini ya mlima, wanaivuta baridi yetu usiku. Wanagandishia samaki wao.

— Kwa bomba?

— Bomba nene kama kanisa hili! Mwenye kovu usidhani kapoa.

— Kovu linaingiaje hapo, Koplo?

— Linaingia tu.

— Tulieni, alisema Kalenda. Baridi ipo, imekwama juu ya mawingu. Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Mvumilivu hula mbivu.

— Mbivu? Viazi vikikaa hivi juani si mbivu, mzee mwenzangu, ni vibovu! alisema Redio.

Hapo ndipo Saturnina alipotokea, akitoka uwanjani. Ni mjane, ana watoto wanne, na viazi vyake vyote alivitandaza usiku wa San Juan, kama Kalenda alivyotangaza. Nilimjazia kikombe kabla hajaomba. Hakukaa.

— Shikamooni, wazee wangu. Vingine vimeanza kulainika. Nivikusanye leo, tuvile bila kuvikausha hadi viishe, au nivilaze nje usiku mmoja tena?

Wote tulimgeukia Kalenda, aliyekuwa akilijibu swali hilo tangu mama yangu akiwa msichana.

Alivua kofia.

— Binti yangu, sijui.

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Saturnina alimshika bega taratibu.

— Asante, baba. Kunywa uji wako, unapoa.

Lakini hakuunywa. Aliinuka, Koplo akamshika mkono, Redio akafuata nyuma. Nilifunika sufuria nikaenda nao. Tulipiga magoti uwanjani, tukatenga viazi vilivyolainika, tukiminya kimoja kimoja. Vingi vilikuwa bado vigumu.

Saturnina alitazama mawingu.

— Hivi vibaki, alisema. Usiku mmoja.

Kalenda alivaa kofia yake, akaanza kuvipanga upya.