Matoka ya Kingori

Usiku wa kuamkia tarehe tisa Januari nilisikia nailoni ikiburutwa nje, nikajua Kingori ametoka kitandani na kikohozi chake kwenda kufunika miche isichomwe na sakitu, na tangu usiku huo hakupata nafuu. Nisameheni nimeanzia mwisho, narudi nyuma.

Marehemu mume wangu, Samuel Kingori, alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 hapa Naro Moru, kitinda mimba wa marehemu Mzee Gathogo na Mama Watiri, mdogo wake Gatimu, akasoma hapa hapa, akamaliza kidato cha nne mwaka 2009, na mwaka 2011 akaanza kuuza maua kando ya barabara kule Skuta, kwanza kama kibarua, kisha katika nasari yake mwenyewe ya miche. Wengi mlioketi hapa mnakanyaga nyasi alizowapandia. Mteja akitaka ile nyasi laini aliyoiona Mombasa, Kingori alimuuliza jua linapiga upande gani, kama kuna mbwa, kama kuna watoto, halafu akamwambia baridi ya huku itaiua, achukue paspalamu, na nyasi ya Kikuyu aiweke mbali na maua kwa maana itayameza. Kuna waliokasirika wakanunua kwingine, wakarudi, akawacheka kidogo ndipo akawahudumia.

Mimi, Mbula, alikataa kuniuzia waridi, ati nyumba ya baba yangu pale kambi ya polisi haina jua. Nikarudi kubishana, nikarudi tena, tukaoana kwa desturi tarehe 12 Desemba 2020, na Mungu akatujalia Shirleen Watiri tarehe 3 Juni 2023.

Mzee Gathogo, kabla hajatuacha, alimwonyesha Kingori mahali pa kujenga, wakapanda matoka, maua ambayo huku huonyesha mpaka na hayang'olewi. Mimi wa kutoka Machakos niliyaona maua tu.

Kingori alilazwa tarehe 11 Januari, akaambiwa ni nimonia, akapigana nayo hadi alfajiri ya tarehe mbili Februari 2025.

Na hili Mama Watiri ameniambia nilisome. Juzi, wakati wa kutayarisha mahali pa hema, ilisemwa matoka yang'olewe, upande wetu na wa shemeji Gatimu uwe kitu kimoja, na mimi nilikuwa jikoni na mtoto mgongoni, sikujua baada ya leo tutalala wapi. Vijana walikuwa wameshaanza kung'oa. Mama akatoka, akaketi katikati ya matoka, akasema, "Wakati Mzee anayapanda haya, mimi ndiye nilishika miche. Mtoto wa Kingori atalelewa ndani yake." Hema ikasogezwa. Jana shemeji Gatimu aliyarudisha kwa mikono yake yaliyong'olewa, akayamwagilia maji, nami namshukuru mbele yenu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa Skuta waliomwagilia miche yake siku hizi zote. Tutakapoitwa kupanda maua kaburini, msishangae kukosa waridi, yeye aliomba vipande vya paspalamu kutoka mlangoni kwetu.

Lala kwa amani, Baba Shirleen, sisi tuko ndani ya matoka yako. Yale mengine uliyoniambia wodini nimeyaweka, na sitamwambia mtu mwingine.