Asukile Mwakyoma na Kwaya Iliyovuka Barabara Bila Waya

Baada ya miaka ishirini na saba ya kutengeneza redio, Asukile Mwakyoma anastaafu tarehe 30 Juni 1978. Karakana yetu ya ushirika hapa Iyunga haijapata kuwa na fundi mwenye kelele kama yeye, wala mwenye mikono mipole kama yake.

Alianzia Iringa, katika kibanda pale Ipogolo, akilehemu redio za valvu nzito kama mawe ya kusagia. Mwaka 1964 akahamia kwetu. Redio iliyopona haikutoka mezani kwake kabla hajaisalimia kwa lugha ya mwenyewe: Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, na Kisukuma cha kubahatisha kwa wafugaji wa Usangu. Mzee Nkuba, mmoja wa wafugaji hao, alimwambia, "Mwakyoma, redio yangu imepona. Kisukuma chako ndicho kinachoumwa."

Wapo wanaompima fundi kwa wingi wa redio alizotengeneza. Hicho ni kipimo cha duka, si cha ushirika. Mimi nampima kwa jambo moja.

Mwaka 1975 mkewe Damari, mwalimu wa kwaya, aliteleza kwenye matope akavunjika nyonga. Hakuinuka tena kitandani. Wazee wa kanisa wakaanza kutafuta mwalimu mwingine. Damari hakulalamika, aliacha kuimba tu, na nyumba ikapoa.

Asukile hakuweza kuvumilia. Kwa vipuri vya redio mbovu tulizokwisha kuzitupa, aliunda visanduku viwili vya kurusha sauti hewani, kimoja kanisani, kimoja kando ya kitanda. Redio ya nyumbani ikaipokea kwaya. Redio ya kanisani, ng'ambo ya barabara, ikampokea Damari. Jioni ya kwanza kwaya ilipomaliza ubeti, redio ikafoka kutoka kwenye benchi: "Sauti ya kwanza, mnakimbilia wapi? Ng'ombe wameingia shambani?" Tusajigwe, kiongozi wa sauti ya kwanza, alicheka mpaka akalia.

Kosa la Asukile lilikuwa moja. Aliziweka sauti hizo mwisho kabisa wa mstari wa stesheni kwenye redio, akiamini hakuna anayezungusha kitufe mpaka huko. Mtu wa Mbeya huyo! Nani hapa hajui kwamba huko ndiko tunakotafutia muziki wa Malawi na Zambia? Haikupita wiki, Iyunga nzima ikawa inamsikiliza Damari akigomba. Tusajigwe akienda sokoni kununua nyanya, wauzaji wanamwambia, "Polepole dada, usikimbie!"

Malalamiko yakafika karakana. Wakubwa fulani wakaamuru visanduku vivunjwe: eti ni mali ya ushirika, eti ni fujo hewani. Niliyoyasema mkutanoni nayarudia hapa. Mali ya ushirika ni ya nani, kama mke wa mwanaushirika aliyelala kitandani hana haki hata ya vipuri tulivyovitupa? Na fujo ipi kubwa kuliko kumnyang'anya mwalimu kwaya yake akiwa hai?

Tulishinda, kwa sharti kwamba sauti isienee zaidi ya kanisa na nyumba ile. Asukile akawa anakata antena kidogo kidogo, majirani wakimpigia kelele madirishani: "Baba Anyitike, bado tunamsikia!" Anakata tena. "Bado!" Mwishowe mmoja akasema kwa huzuni, "Amepotea." Jioni iliyofuata majirani hao hao walibeba vigoda, wakaja kukaa uani chini ya dirisha la Damari. Wazee wa kanisa hawakutafuta tena mwalimu mwingine.

Sasa Asukile atashinda nyumbani, na Damari amekwisha kutangaza kwamba amempanga sauti ya nne, apende asipende. Karakana inamdai koti la kazi na funguo za stoo, basi. Visanduku havirudi. Anayevitaka na aende mwenyewe akamwambie Damari anyamaze.

Asante, fundi wetu. Tunawaombea nyote wawili uzima na uzee mtamu, na nyumba yenu isipoe tena.