Zahanati ya Meno Inasubiri Jibu

Siku hiyo kwenye kijiwe chetu nje ya duka la kinyozi walikuwepo Hakimu, kinyozi mwenyewe, anayekata kesi zaidi kuliko anavyokata nywele; Redio, fundi baiskeli asiyezimika; Mama Birika, muuza kahawa; dada yangu; na mimi, mwanangu amelala mgongoni. Upande wa kushoto wa dada umelegea tangu homa ya utotoni. Anatembelea mkongojo, na mkono wake hutetemeka, kwa hiyo Mama Birika humtilia kahawa nusu kikombe, akimaliza humwongezea nusu nyingine, na hajawahi kusema kwa nini. Dada hupata posho ya ulemavu kutoka ofisi ya ustawi wa jamii. Ndiyo kodi ya chumba chetu, ndiyo dawa zake. Sasa zahanati ya meno ilimtaka awe mpokea wagonjwa, asubuhi tu, na ilitaka jibu kabla ya adhuhuri. Dada aliitamani kazi ile hadi usingizi ukamkimbia. Lakini posho ikikatwa, tutalala wapi?

Hakimu: Kataa, binti. Mshika mbili moja humponyoka.

Redio: Mzee, huyu mkono wa kushikia anao mmoja tu. Hizo mbili atazishikaje?

Dada: Redio, nitakuzaba na huohuo mmoja!

Redio: Nakwambia kwa mapenzi, dada. Binamu yangu alionekana amebeba ndoo. Ndoo tupu! Wakaandika amepona, posho ikaishia hapo.

Mama Birika: Binamu yupi huyo?

Redio: Wa mbali.

Hakimu: Posho si kitu. Watachukua na mkongojo. Ule ni mali ya serikali.

Dada: Huu alinichongea mjomba.

Hakimu: Na mti je, ulikuwa wa mjomba?

Redio: Halafu siku hizi wana mitambo huko angani. Ukicheka tu, inaandika: huyu hana shida.

Dada alikuwa anacheka. Akaacha. Iliniuma kuona.

Mama Birika: Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hakimu: Hiyo inahusiana nini na haya?

Mama Birika: Sijui. Nimeona kila mtu ana methali, nami nikatoa yangu.

Mara karani wa ofisi ya ustawi akaja kunywa kahawa yake ya kila asubuhi. Tukafanya kama tunavyofanya siku zote akija: Redio akaanza habari za mvua, na Hakimu akamfunika dada miguu kwa shuka la kunyolea, aonekane mgonjwa zaidi. Karani akanywa, akatutakia siku njema, akaondoka.

Mzee mmoja, mgeni mtaani, alikuwa kwenye kiti ndani ya mlango, Hakimu akimnyoa huku akibishana nasi. Alikuwa amesikia yote.

Mzee: Samahanini. Na ofisini mliambiwaje?

Mkasi wa Hakimu ukasimama. Redio akainamia tairi.

Mzee: Au ofisi iko mbali?

Haikuwa mbali. Ilikuwa ng'ambo ya barabara; tunautazama mlango wake kila siku tukinywa kahawa.

Hakimu: Aliyelala usimwamshe, mzee wangu. Ukimwamsha utalala wewe.

Mzee: Mbona yuko macho? Si ndiye aliyekunywa kahawa hapa sasa hivi?

Mama Birika akainua birika, akamgeukia dada.

Mama Birika: Twende, mwanangu. Tutasema nampelekea kikombe cha pili.

Tukavuka sote, hata mzee, nusu ya kichwa chake ikiwa na nywele. Hakimu alisimamisha magari kwa mkasi ili dada asiharakishwe.

Ofisini dada aliuliza mwenyewe, sauti ikitetemeka kuliko mkono.

Karani: Kazi ya nusu siku? Inaruhusiwa. Utupe taarifa kabla hujaanza, utwambie na mshahara. Kwa kazi ya asubuhi kama hiyo, posho yako inabaki palepale.

Dada: Hata nikicheka?

Karani hakuelewa, lakini alimtazama vizuri.

Karani: Cheka tu, dada yangu.

Akacheka mpaka mwanangu akaamka.

Karani: Nami nina swali. Mbona kila nikija pale mnabadilisha maneno? Nilidhani nanuka.

Mama Birika akamjazia kikombe mpaka ukingoni.

Redio: Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Hakimu: We! Kupona kusitajwe humu ndani!

Dada akapiga simu zahanati akiwa palepale mlangoni. Nilimwona Hakimu amegeukia ukuta, anajifuta macho kwa shuka la kunyolea, na mzee mgeni anamshikia mkasi.

Jumatatu dada alianza kazi. Mgonjwa wa kwanza kupokewa naye alikuwa Redio, aliyekuwa na jino bovu ambalo hakumwambia mtu. Likang'olewa, akatiwa pamba mdomoni, na siku ile kijiwe kizima kilisikia ndege wakilia.